Kufika Yawezekana

Baba alikuja Houston kwa ajili ya moyo wake, akabaki kwa ajili ya Bahari ya Pasifiki. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wauguzi wenzangu kazini, wakacheka, nami nikacheka nao. Ukweli ni kwamba alibaki kwa sababu mimi nilimzuia. Mishipa ilikuwa imeshazibuliwa, dawa alikuwa anazimeza bila kusukumwa, na kila mwisho wa mwezi aliniuliza, kwa upole ulioniudhi kuliko ukali, "Tiketi vipi, mwanangu?" Nami nilisema ngoja kidogo, baba, daktari akuone mara moja tena. Kidogo ikazaa kidogo nyingine hadi miezi tisa ikatimia, na mama yuko Siyu, kisiwani Pate, anamngoja.

Mama hatukumleta kwa sababu hakutaka kuja. Alikuwa na woga wa ndege na alikuwa na mbuzi wake, na sijui kipi kilikuwa na nguvu zaidi. "Nendeni mkamtengeneze, mkimaliza mnirudishie," alituambia, kama mtu anayepeleka redio kwa fundi. Basi wakawa wanatumiana sauti kwa WhatsApp, maana mtandao wa kule hukatika na saa zao si saa zetu. Kila asubuhi baba aliikuta sauti ya mama, dakika mbili tatu, na kila baada ya adhuhuri alimjibu. Alijibu kwa mpangilio, jambo la kwanza, la pili, la tatu, akisahihisha. Mama naye hakuacha neno lake hata moja bila jibu, na kwenye mengine alimjibu mara mbili.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia na historia. Amestaafu miaka mingi, lakini chaki haijamtoka sautini. Akisema "Hebu tuanze mwanzo," ujue chai yako itapoa. Mtu wa namna hiyo ukimfungia Alief, mtaa wetu wa Houston, unamtesa, kwa sababu Alief kila kitu ni gari. Kununua unga ni gari, msikitini ni gari, hata kumtembelea Mkenya mwenzako unayemwona kwa dirisha ni gari, kwa kuwa kati yenu pana barabara ya njia sita. Mimi nilitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu na kurudi alasiri. Asiye na gari alikuwa mfungwa mwenye ruhusa ya kwenda hadi kwenye visanduku vya barua.

Ni hapo kwenye visanduku vya barua alipokutana na jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuwa mzee wa Kichina mzaliwa wa Vietnam, mgane, mwembamba, mwenye Kiingereza cha kuokoteza na masikio mazima. Alimwuliza baba ametoka wapi. Baba akamwambia: kisiwa ambacho baadhi ya watu wake husimuliwa kuwa wana damu ya Kichina, damu ya mabaharia ambao jahazi lao lilivunjikia miambani zamani za mababu. Yule mzee alimtazama kwanza. Kisha akaingia kwake, akatoka na ramani ya dunia iliyokunjwa hadi mikunjo ikatoboka, akaitandaza juu ya boneti ya gari la mtu. Alikuwa na jambo lake moja maishani, na kwa baba alikuwa amepata shahidi. Kama Wachina walifika Afrika, alisema, basi walifika na huku. Waliivuka Pasifiki wakaikanyaga Amerika kabla ya Mzungu yeyote kuijua.

"Yawezekana," baba alimjibu. "Lakini yawezekana ni neno moja, na ilitokea ni neno jingine."

Tangu siku ile wakawa hawaachani. Walikaa kwenye kibaraza chetu chembamba kinachotazama maegesho, ramani katikati, kila mmoja na kikombe chake. Nilipotoka kazini niliwakuta wameshaivuka bahari mara mbili. Nikiwa na hali nzuri niliwatania: "Vipi wazee, leo mmefika California?" Walicheka. Nikiwa nimechoka nilipita tu, na ninakiri siku za kuchoka zilikuwa nyingi.

Jirani alikuwa na hoja tele. Alikuwa na vyungu vya kale vilivyochimbuliwa Ecuador, vyenye michoro inayofanana na ya vyungu vya kale vya Japani. Alikuwa na mawe makubwa yenye tundu yaliyotolewa baharini karibu na California, ambayo kuna waliosema ni nanga za Kichina. Alikuwa na mtawa anayetajwa katika maandishi ya kale, aliyerudi China na kusimulia habari za nchi iliyo mbali sana upande wa mashariki. Baba alizipokea moja moja, akazivua nguo. Vyungu? Watu wote wana vidole kumi, wakikwaruza udongo mbichi michoro itafanana. Nanga? Nanga ni nanga kweli, lakini jiwe lake ni la huko huko California, na wavuvi wa Kichina walifanya kazi pwani ile juzi tu, zama za mababu wa babu zetu. "Kitu cha kweli, tarehe ya uongo," baba alisema. Maneno hayo aliyapenda. Alinieleza hata mimi, nikikaanga vitunguu: kitu kinaweza kuwa halisi kabisa na bado kikakudanganya, kwa sababu kimewekwa mahali si pake. Kwetu Siyu, kidakani, kwenye shubaka la ukuta wa sebule, ipo sahani ya buluu na nyeupe iliyotoka China kabla ya bibi wa bibi yangu kuzaliwa. "Sahani ilisafiri, hilo halina shaka," alisema. "Nani aliibeba, ni swali jingine. Sahani haituambii."

Lakini hakuwa mkaidi. Kuhusu mkondo alikubali. Upo mkondo mkubwa unaopita Japani ukielekea mashariki, na vyombo vya Kijapani vilivyovunjika mlingoti viliwahi kusukumwa nao miezi mingi hadi pwani ya Amerika, vingine vikiwa na watu wanaopumua ndani. Hayo yameandikwa. "Kwa hiyo kufika yawezekana," alisema. "Hata mtu asiyetaka anaweza kufika. Kazi ni kurudi." Wa kurudi huhitaji upepo mwingine na mkondo mwingine, kusini zaidi, na nani wa kumwonyesha? Wahispania wenyewe walipotea miaka mingi kabla ya kuijua njia ya kwenda na kurudi. "Nionyeshe aliyerudi akasema, nitakuamini. Yule mtawa wako ni mmoja, naye simjui."

Nilidhani wanazungumzia mabaharia.

Mama alikufa Jumanne moja ya mwezi wa kwanza, baada ya sala ya alasiri. Alianguka uani akiwapa mbuzi maji, na hakuamka tena. Huku Houston ilikuwa asubuhi. Dada yangu, kitindamimba wetu aliyekuwa akiishi naye pale nyumbani, alinipigia nikiwa nimeshuka kuchukua koti langu garini, kwenye maegesho ya kazini. Nilisikia kilio chake kabla ya maneno. Nilirudi ndani, nikamaliza zamu, kwa kuwa sikujua mtu hufanya nini kingine. Nilipotoka, mama alikuwa ameshazikwa.

Nilimpigia kaka yangu aliye Mansfield, kaskazini mwa Texas, karibu na Arlington. Alikuwa amekwisha kuamua.

"Usimwambie," alisema. "Daktari alisema nini? No stress. Sasa wewe unataka kum-shock na moyo ule?"

"Nitamwangaliaje usoni?"

"Wiki sita tu. Akishaonwa na daktari tuna-sit down naye hapa kwangu, shehe akiwepo, tunamwambia kwa utaratibu. Hata yeye mwenyewe angefanya hivyo."

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nilikubali. Kwetu hatumpigii mtu simu tukamwambia umefiwa. Tunamwambia fulani anaumwa kidogo, jitahidi uje. Mtu husafiri na matumaini yake, na akifika akaviona viatu vingi mlangoni, anajua mwenyewe, na wa kumshika wapo. Ni huruma, na mimi sijawahi kuicheka. Ila huruma hiyo ilitengenezwa kwa mtu anayesafiri kuelekea mlangoni. Haikutengenezwa kwa mzee anayekaa Alief na kuuliza kila siku, "Mama yako kaleta sauti?"

Kwa hiyo tukaanza kutengeneza. Kwanza niliichukua simu ya baba, nikasema naisafisha imejaa, nikamtoa kwenye makundi yote: la ukoo, la walimu wastaafu, la msikiti wa Siyu. Wajomba na mashangazi waliambiwa, wakanyamaza. Kisha kaka akatoa akiba yake. Miaka mitatu nyuma baba alikuja Mansfield kwa harusi ya kaka, akakaa miezi miwili, na wakati ule hakuwa na simu ya maana. Mama alimtumia sauti kupitia simu ya kaka, "mpe baba yako asikie," na kaka hajawahi kufuta kitu maishani mwake. Zilikuwepo nyingi. Alizikata palipotajwa harusi, akampelekea dada. Dada alizicheza kwenye simu moja na kuzirekodi kwenye simu ya mama, ili zisijulikane kwamba zimetumwa upya, kisha akazituma kwa baba, moja kwa siku. Tulimwambia baba mama ana kikohozi, koo linamsumbua, hasemi sana.

Naandika haya nikiona haya. Wakati ule niliona tunafanya kazi nzuri. Mara ya kwanza baba alipoifungua ile sauti, "Sisi hatujambo, mbuzi hawajambo, wewe kula vizuri na uvae soksi," uso wake ukafunguka, nami nikaenda chooni nikafungua bomba ili nilie. Alasiri alimjibu. Jambo la kwanza, la pili, la tatu. Upande wa pili dada aliyasikiliza majibu yale katika simu ya marehemu, na zile alama mbili zikageuka buluu.

Baada ya siku kama kumi baba alisema, akichovya mkate wake kwenye chai, "Mama yako siku hizi hajibu."

"Si amekuletea sauti leo?"

"Kaleta. Lakini hajibu. Nimemwuliza habari ya ile sahani ya kidakani mara tatu, kama aliitoa walipopaka chokaa. Kimya. Mama yako hajawahi kuniachia neno likapita."

"Koo, baba."

"Na makundi yangu yote yamenyamaza siku moja."

"Simu hiyo ni mbovu. Nitakununulia nyingine."

Akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Wiki ile ile, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa nawatilia chai pale kibarazani. Walikuwa tena kwenye habari ya mkondo. Jirani, ambaye kwa kawaida alizungumza juu ya mabaharia wa kale tu, alianza kusimulia habari zake mwenyewe. Ujana wake alitoroka Vietnam katika mashua iliyojaa watu, injini ikafa, wakabaki wanaelea. Walikunywa maji ya mvua waliyoyakinga kwa shati. Alisema siku ya tano mtu haulizi tena anakwenda wapi. Meli ya mizigo ikawaokota, na mwisho wake akafika Texas.

"Ulirudi?" baba aliuliza.

"Mara moja. Nilichelewa." Alikizungusha kikombe chake mezani. Alisema barua za nyumbani zilimwambia mama hajambo, mama anakusalimu, kila barua, kwa miaka miwili. Mama yake alikuwa amekufa kabla ya barua ya kwanza. Ndugu zake hawakutaka ahuzunike peke yake ugenini.

Nilisimama pale na birika mkononi. Nilitaka baba aseme kitu, na niliogopa kwamba atasema. Hakunitazama hata kidogo. Alimwuliza jirani, kwa ile sauti ya darasani, "Ulijuaje?" Jirani akajibu kwamba mama yake alikuwa na tabia ya kumgombeza, na katika barua zile hakuna aliyemgombeza. Nikaingia jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Siku mbili baadaye ikaja ile sauti. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa pili, na baba aliicheza kwa sauti kubwa pale mezani kwa kuwa masikio yake si yale ya zamani. Mama alisema hatujambo. Alisema mbuzi mmoja amezaa. Na nyuma ya sauti yake, juu ya mabati, mvua ilikuwa inapiga, si manyunyu, ni mvua yenyewe, ile ya kumfanya msemaji apandishe sauti. Mama aliipandisha sauti yake. Baba akaicheza tena. Akaicheza mara ya tatu, kichwa ameinamisha.

"Kunanyesha Siyu," alisema.

Kaka alikuwa amesikiliza maneno yote kwa makini, akakata kila lililotaja harusi, wala hakuisikia mvua. Mimi pia nisingeisikia. Sisi tumekaa mno katika nchi ambayo mvua hunyesha siku itakayo na watu huitazama kwa simu.

"Hali ya hewa imebadilika, baba. Duniani kote."

"Mwezi wa pili. Kaskazi. Siyu ni kukavu."

"Hata hapa hunyesha wakati wowote."

Aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza. "Yawezekana," alisema. Nami nikashusha pumzi, nikaenda kutafuta funguo zangu.

Kesho yake aliomba nimpeleke maktaba. Nilimwacha, nikaenda kununua samaki, nikarudi kumchukua. Hakuwa na kitabu mkononi. Nilimwuliza hukupata ulichotaka, akasema nimekipata, kilikuwa kifupi.

Sasa siku tatu zilizofuata nazijua kwa saa zake, kwa sababu nimezirudia sana. Siku ya kwanza baba aliniambia nisiwashe jiko, jirani ataleta chakula. Nilifurahi, nani hafurahi? Jirani alileta sufuria ya uji wa mchele wenye tangawizi na vipande vya samaki. Nilipotoka kazini niliwakuta wamekaa kibarazani, si kwenye viti bali chini, juu ya mkeka wangu wa kuswalia, na viatu vya jirani vimepangwa mlangoni. Ramani haikuwepo. Hawakuwa wanazungumza. Siku hiyo nilikuwa na hali nzuri, kazini tulikuwa tumemuaga mtu kwa keki. Nikawaambia, "Vipi wazee, leo mmefika California?" Baba alitazama maegesho. Jirani alinitazama mimi bila kucheka, nikamwona mzee wa watu ana kiburi cha ghafla. Nikaingia ndani, nikala uji wake.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu pia, na sufuria ikaja na maharage na mboga. Usiku baba alikung'uta mkeka, akaukunja, akaurudisha mahali pake.

Baadaye alirudia desturi yake ya kutuma sauti kila baada ya adhuhuri, kwa utulivu, na hilo ndilo lililonihakikishia kwamba hajui lolote. Nani humtumia salamu aliyekufa? Dada tu ndiye aliyeona tofauti. "Baba siku hizi haulizi kitu," aliniambia kwa simu. "Wala hahesabu. Anasema kula, lala mapema, usikae peke yako jioni, mbuzi wakikushinda wauze. Mimi nalia tu, maana naona kama ananiambia mimi."

"Umechoka," nilimwambia. "Zimebaki wiki chache."

Daktari alimwona mwezi wa tatu, akasema moyo uko vizuri, asafiri atakako. Kaka akapanga Ijumaa. Shehe angekuja baada ya sala, chakula kingepikwa, baba angekalishwa katikati yetu. Nikamwambia baba tunakwenda kumsalimu kaka tu. Alivaa kanzu na kofia, akaketi mbele karibu nami, akafunga mkanda wa gari bila kukumbushwa.

Barabara ya kutoka Houston kwenda kaskazini ni ndefu na haina la kutazama. Nchi ni tambarare, mbingu siku ile ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na malori yalitupita moja baada ya jingine. Tulikuwa tumekwenda kama saa mbili alipouliza, "Ndugu yako kamwita nani leo?"

"Hakuna, baba. Ni chakula tu."

"Mtu wa msikitini hayupo?"

"Huenda shehe akapita."

"Huenda," alisema. Akaacha lori moja lipite, na la pili. "Mwambie shehe asijisumbue. Mama yako alikufa mwezi wa kwanza, karibu na katikati yake. Siku yenyewe siijui, ushahidi haukunifikisha hapo. Niambie wewe siku."

Sikumbuki nilivyotoka barabarani. Nakumbuka tuko kwenye kituo cha mafuta, gari limesimama karibu na mashine ya kujaza upepo, na mikono yangu bado imeshika usukani.

"Jumanne," nilisema.

"Saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Aliumwa?"

"Hakuumwa. Alianguka uani. Alikuwa anawapa mbuzi maji."

"Nani alimwosha?"

"Dada, na mashangazi."

Kila jibu alilitikisia kichwa kidogo, kama alama anayoitia kwenye daftari. Mimi nililia. Yeye hakulia, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angelia. Nilimwuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ya mvua. Maktaba nilitazama hali ya hewa ya Lamu, hapakuwa na tone mwezi mzima. Sauti ya kweli, tarehe ya uongo. Mvua ile niliikumbuka, niliisikia nikiwa kwa ndugu yako, mwezi wa tano, miaka mitatu nyuma."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nilikungoja. Mwalimu hampi mwanafunzi jibu. Nikasema wiki hii ataniambia. Nikasema labda wiki ijayo. Na zile sauti nilizotuma baadaye, nilikuwa nazungumza na dada yako, maana yeye naye amefiwa na mlimpa kazi ya kusema uongo."

Nilimwambia tuliogopa moyo wake. Alisema anajua. Alisema hata yeye aliwahi kuwaficha watu misiba, na hana la kutulaumu katika hilo. Kisha akafungua kioo kidogo, upepo ukaingia na harufu ya dizeli.

"Ila mlininyima matanga," alisema. "Mtu kafiwa na mkewe, hakuna wa kumwambia pole. Nikamwambia jirani. Akaniuliza kwenu hufanywaje, nikamweleza: watu hukaa na mfiwa siku tatu, kwake hapapikwi, majirani ndio huleta chakula. Akasema, mimi si jirani?" Alikipandisha tena kioo. "Akanikalia siku tatu. Na wewe ulitukuta, ukatuuliza kama tumefika California."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kwa kuwa lilitokea, na yeye kilichotokea hakiachi. Mimi hadi leo nikiingia pale kibarazani nikiwa na mfuko wa sokoni naisikia sauti yangu mwenyewe, ina furaha, inawatania wafiwa.

"Tiketi vipi?" aliuliza.

Niliikata pale pale, kwa simu, haikuchukua hata robo saa. Ndege ilikuwepo, nafasi ilikuwepo, na niliona kwamba kwa miezi yote ile zilikuwepo. Nikamwonyesha tarehe kwenye kioo cha simu. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akanirudishia.

Kisha nikasema lile neno nililopaswa kulisema siku ya kwanza, kabla ya jingine lolote, neno ambalo kwetu hata mpita njia asiyekujua hukupa.

"Pole, baba."

"Nishapoa," alinijibu, kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu yeyote aliyefika msibani watu wameshatawanyika.